Bwana Shee Aliuliza Mara Moja

Rukiya mwanangu,

Assalaam aleikum, na kama umeanza kusoma ukiwa umesimama, kaa. Nakujua. Kaa kwenye kitanda cha kamba, barua hii si ya kusomwa huku mtu ameshika mswaki mdomoni.

Sasa hivi alasiri imeshasaliwa. Umetoka na buibui lako jipya kwenda kuaga mitaani, na jinsi watu wa Siyu wanavyomshikilia anayeaga, hutarudi kabla ya magharibi. Nimeweka kofia ninayoshona pembeni, nimechukua lile daftari lako la kidato cha pili lililobaki kurasa nyeupe, naandika. Mkono huu umezoea sindano. Ukiona herufi zimelala upande, usinicheke.

Mambo ya sweta na baridi ya Nairobi siyaandiki. Bi Esha ameshakueleza yote, na yale asiyoyajua ameyatunga. Mimi nataka kukueleza habari za kaka yake, babu yako Shee wa nyumba ya pili, na kosa nililomfanyia. Kosa hilo hulijui. Nilikuwa nimeamua nizikwe nalo, lakini jana Bi Esha alikuja jikoni, akanishika mkono wenye nazi, akasema: "Rukiya ameniambia, akikuona umesikitika keshokutwa pale gatini Mtangawanda, hapandi boti. Ataacha huo muziki wake, asomee ualimu wa chekechea papa hapa Lamu."

Nilikuna nazi ile mpaka nikafika kwenye kifuu. Nilikasirika, wallahi. Kisha hasira ikaisha nikaogopa, maana niliona jambo lile lile linataka kurudi katika nyumba hii mara ya pili.

Wewe ulimjua Babu Shee akiwa mzee wa meno machache, aliyekufundisha kupuliza saksafoni uani kwake. Ulimjua akipiga sauti nne tano za chini tu, polepole, huku akicheka zikimponyoka. Ulidhani ndivyo alivyopiga maisha yake yote, na mimi nilikuacha udhani hivyo. Sivyo, mwanangu. Mtu yule alikuwa anapiga!

Nilipoolewa kutoka Faza kuja nyumba hii nilikuwa na miaka ishirini. Wiki ya kwanza nilikuwa nalia kila asubuhi, baba yako akishaondoka kwenda minazini. Siku ya tano, nimekaa na kofia yangu karibu na ule ukuta wa mashariki, nikasikia kitu upande wa pili. Nilidhani mtu analia kuliko mimi. Nikanyamaza nisikilize. Kile kilio kikageuka kikawa kicheko, kikapanda, kikakaa juu huko muda mrefu, kisha kikashuka bila haraka. Nikamuuliza mavyaa wangu, bibi yako: "Mama, nani yule?"

"Ni Shee Tarumbeta," akasema. "Si mwendawazimu. Ni jazi. Utazoea."

Walimwita Shee Tarumbeta kwa sababu hapa kila kitu cha shaba kinachopulizwa ni tarumbeta. Alikwenda Mombasa kijana, akachukua mizigo bandarini mchana, na jioni akajifunza saksafoni kwa mabaharia na wapigaji wa mahoteli. Akapiga katika bendi miaka mingi. Bendi zilipokosa kazi akarudi kwao na sanduku moja la nguo na moja la saksafoni. Hakuleta ubishi na mtu. Hapigi wakati wa sala, hapigi Ijumaa, na Ramadhani ikiandama analifunga tarumbeta lake kwa kitambaa mpaka Idi. Walikuwapo waliomsema, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasalimu. Siku moja baba yako alimuuliza hiyo jazi ni nini hasa. Akamwambia: "Ni nyumba yako mwenyewe, lakini kila siku unaingia kwa mlango mwingine."

Basi kila asubuhi baada ya jua kupanda, yeye upande wake, mimi upande wangu, ukuta katikati. Miaka minne. Sikumwona uso zaidi ya mara tatu. Nilitoboa vitundu vya kofia na kuvizungushia uzi kwa mwendo wa pumzi zake. Alipokawia, nami nilikawia. Siku moja nilikosea, nikaruka mahali pa vitundu vitatu, nikawa tayari kufumua kofia nzima. Bi Esha akaichukua kumwonyesha kaka yake, maana alipenda kuonyesha watu vitu visivyo vyake. Akarudi nayo. "Shee amepitisha kidole juu ya vitundu vyote," akasema, "akafika hapa akacheka. Asema umechelewa kuingia, na ni vizuri. Usifumue. Endelea hivyo mpaka mwisho, ifanane." Nikaendelea. Kofia ile ilikuwa ya kwanza kutafutwa na watu kutoka Lamu, na mpaka leo wanaozijua kofia zangu wanazijua kwa pale mahali pa kuchelewa.

Sikuwahi kumshukuru. Mke wa mtu, mgeni, nitamshukuru mwanamume wa nyumba ya pili kwa njia gani? Lakini nilijua moyoni kwamba mtu yule alinitoa machozi ya ugeni, na alinifundisha kutoogopa mkono wangu.

Kisha baba yako akaanguka kutoka juu ya mnazi. Hayo unayajua, sitayarudia. Nilikuwa na mimba yako ya miezi mitatu, kwa hiyo eda yangu haikuwa ya miezi minne na siku kumi. Ilikuwa mpaka nizae. Nikawa kizuka, nimekaa ndani, sionekani nje, na tumbo linakua.

Mtaa wote ulizima redio. Ndivyo ilivyo kwetu, na ni heshima kubwa, nami niliipokea. Arubaini ilipopita, redio zikaanza kuwashwa, moja huku, moja kule. Upande wa Shee kimya. Kila asubuhi nilikaa na kofia karibu na ukuta, nangoja. Kimya. Nilikuwa sili vizuri, silali, na sindano ilikuwa inaniingia vidoleni. Niseme kweli yote: sauti ile ndiyo kitu pekee duniani nilichokuwa nakitamani wakati ule, baada ya baba yako, ambaye sikuweza kurudishiwa.

Siku ya arubaini na tatu Bi Esha akaja. Chumbani tulikuwa wanawake sita, kahawa inazunguka. Akakaa mbele yangu, akasema kwa adabu kubwa: "Shee auliza. Akipiga kidogo asubuhi, wewe mfiwa, utakereka?"

Wote wakanitazama. Mavyaa wangu akaweka kikombe chini akanitazama. Nikafikiri: mjane gani atasema nipigieni muziki? Mama wa marehemu yuko hapa amekaa, mwanawe hata miezi miwili hajafikisha kaburini. Watasema nini? Nikainamisha kichwa, nikasema: "Ndiyo, Bi Esha. Nitakereka."

Maneno matatu manne tu, Rukiya. Bi Esha akaitikia, "Ni haki yako," akanywa kahawa yake akaondoka. Jioni akarudi na jibu: "Shee asema hapigi mpaka utoke eda. Amelifunga."

Akalifunga kweli. Miezi minne na nusu. Nami nilikaa upande wangu wa ukuta nikijua kwamba ningeweza kutuma neno moja tarumbeta likafunguliwa, na sikulituma. Kila siku ilipopita ilikuwa vigumu zaidi, maana ningesema nini? Kwamba nilidanganya?

Ukazaliwa alfajiri ya Jumatatu, unapiga kelele mtaa mzima ukajua. Kabla hata kitovu hakijakauka, Bi Esha amesimama mlangoni: "Shee auliza, sasa je?" Nikasema kutoka kitandani, "Apige! Apige hata sasa hivi!" Mkunga akadhani nina homa.

Tukasikia anafungua sanduku. Tukasikia anavuta pumzi. Halafu upepo mtupu. Fuuu. Akajaribu tena, kikatoka kitu ambacho punda wa jirani alikiitikia. Watoto njiani wakacheka, na Shee mwenyewe akacheka, nilimsikia. Akajaribu mpaka adhuhuri. Alikuwa mtu wa miaka sitini na zaidi, mwanangu. Alikuwa ameshang'oka meno mawili ya mbele mwaka ule, na kilichokuwa kinashikilia midomo yake ni mazoezi ya kila siku. Midomo ililala miezi sita, tangu siku ya msiba. Vifuniko vya saksafoni navyo vililiwa na chumvi. Vifuniko alivitengeneza, midomo haikurudi. Alijaribu mwaka mzima, na mwisho akabaki na zile sauti za chini ulizozijua wewe.

Mimi ndiye niliyezichukua zile za juu. Nilizichukua kwa sababu ya aibu, mbele ya vikombe sita vya kahawa.

Na hebu nikuambie alichofanya, maana hapa ndipo nilipojifunza kwake zaidi ya pale alipokuwa hodari. Hakuacha. Alizichukua zile sauti nne tano akaanza kuishi nazo. Asubuhi baada ya asubuhi nilimsikia anazigeuza, anazipanga, ananyamaza katikati, anarudi. Mwanzoni nilikuwa naziba masikio kwa hatia. Kisha nikaanza kusikiliza, kisha nikaanza kushona tena. Ulipofika umri wa kutambaa ulikuwa unatambaa mpaka ule ukuta, unaweka shavu, unatulia. Ningekutafuta wapi kwingine? Ulikuwa hapo tu.

Ulipofika miaka tisa akatuma neno: "Yule mtoto anayesimama njiani kila siku, mwachieni nimfundishe." Watu wakasema, wewe unajua walivyosema. Mtoto wa kike, tarumbeta! Watoto wenzako walikuja kuniambia uliwahi kunitetea darasani kwa kusema mama yangu ni jasiri. Hapana. Sikukuachia kwa ujasiri, nilikuachia kwa deni la moyoni. Aliyekuwa jasiri ni bibi yako. Walikuja kumshtakia, akawajibu: "Wacheni apulize. Yale ni mapafu ya mkwezi, babake alikuwa akipanda minazi thelathini bila kutweta." Wakaondoka.

Na bibi yako ndiye aliyenivunja mbavu na moyo kwa pamoja. Ulikuwa na miaka kumi na minne, yeye kitandani, mgonjwa, karibu na safari yake. Ulikuwa unapiga upande wa pili, na wewe ulikuwa umeanza kuzifikia zile za juu. Akafumba macho, akasema: "Shee alikuwa akipiga hivi zamani. Waikumbuka siku ile ya Esha na kahawa?"

Nikasema, "Naikumbuka, mama."

"Nilikasirika nawe siku ile," akasema. "Nilikuwa nangoja useme hapana, hainikeri. Mwanangu alikuwa akiipenda ile sauti. Nilitaka kuisikia, nimkumbuke. Lakini wewe ndiye mfiwa, nikaona nitasemaje?"

"Mama!" nikasema. "Mimi nilikuwa nakuogopa wewe! Nilikuwa naitamani mno ile sauti!"

Akafungua macho akanitazama. "Ala!" akasema. Tukaanza kucheka, mwanangu, tukacheka mpaka kikohozi kikamshika, tukalia, tukacheka tena. Ukaja mbio kuuliza kuna nini, tukakufukuza. Unakumbuka? Ndiyo siku ile. Baadaye nikamuuliza Bi Esha, naye akasema wale wanawake wengine wote walikuwa wanatamani apige, maana nyumba ilikuwa imewalemea. Chumba kizima kilitaka kitu kimoja, na hakuna mdomo uliokisema.

Wiki ile ile nikaenda kwa Shee. Nilimshonea kofia, nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na pale mahali pa kuchelewa nikapaweka. Bi Esha alikuwepo, mlango wazi. Nikamwambia yote, sikupunguza. Nikangoja anitukane, na ningefurahi angenitukana.

Akaivaa kofia kwanza, akaiweka sawa. "Bi Zena," akasema, "katika nti yetu hii, mgeni akiingia ukamwambia karibu chakula, husemaje?"

"Husema nimeshiba."

"Hata kama ana njaa?"

"Hata kama hajala tangu jana."

"Nawe ukimwacha hapo, ukaondoa sinia?"

"Nitakuwa mkosa adabu. Humwambia tena."

"Basi," akasema. "Mimi ni mtu wa Siyu, naijua ndia, ada ya kwetu. Nilikuuliza mara moja, nikaondoa sinia. Nami niliondoa upesi kwa sababu nilikuwa na kiburi. Nilitaka watu waseme Shee ana heshima, kanyamaza miezi minne. Usilibebe peke yako, nipe upande mmoja nishike."

Nililia mbele yake, sikuona haya. Naye akasema kwamba zile sauti za juu hazikupotea, ziko kwa Rukiya, na kwamba kama angebaki na midomo yake asingekuwa na subira ya kumfundisha mtoto. Angekuwa anapiga mwenyewe tu, anajisikiliza. Sijui kama alisema kweli au alinionea huruma. Nilimuuliza mara ya pili. Akacheka, akasema ni kweli. Miaka miwili baadaye alikuachia saksafoni, akaenda zake, Mungu amrehemu.

Sasa sikiliza, Rukiya, hapa ndipo ninapokuja kwako.

Alhamisi iliyopita nilikuwa naparua samaki. Ukasimama nyuma yangu, ukaniuliza: "Mama, nikienda, wewe utakuwa sawa? Au nisiende?" Na mimi bila kugeuka nikakujibu: "Nenda mwanangu, mimi sina neno."

Umeona? Miaka kumi na tisa, machozi yote yale, na bado nilijibu jibu la vikombe vya kahawa! Nawe ukaitikia, ukaondoka, hukuniuliza tena. Na tangu Alhamisi hujapiga. Umelifunga sanduku la saksafoni kwa shuka, unatembea ndani kwa ncha za vidole, unanitazama usoni nikigeuka. Unanifanyia alichonifanyia Babu Shee. Umenyamaza kwa ajili yangu, na mimi nipo upande wa pili wa ukuta nangoja upige.

Hili sitalirudia. Nilizichukua sauti za mtu mmoja, zako sizichukui.

Kwa hiyo chukulia umeniuliza mara ya pili, na hili ndilo jibu la kweli. Nina neno. Nitaumia. Nitapika wali wa watu wawili wiki nzima kabla mkono haujajua. Asubuhi nitakaa na kofia na ukuta utakuwa kimya, na nitakuchukia kidogo kwa hilo. Nitaona wivu kwa watu wa Nairobi wasiokujua, watakaokusikia wakipita tu njiani. Hayo yote ni kweli. Na nataka uende. Si kwa sababu napaswa kusema hivyo. Nataka kwa ajili yangu. Nataka kujua sauti ile iliyonitoa machozi nikiwa bi harusi itafika wapi, na mimi siwezi kwenda nayo, nina miguu mibovu na kofia za kushona. Wewe unaweza.

Ukimwona mama amelia kesho Mtangawanda, usishuke botini. Nitalia, nakuahidi, nitalia mpaka watu wa Mokowe, ng'ambo ya bahari, wanisikie. Kulia kwangu siyo neno la kukuzuia, ni mimi tu nalia. Nawe huko utakakokaa, ukitaka kupiga, waulize majirani kama wanakereka, na ukishajibiwa, subiri kidogo, uulize tena. Wewe nawe ukiulizwa, usinifuate mimi.

Barua hii naiweka ndani ya sanduku la saksafoni, chini ya kile kitambaa chake cha kijani. Kesho baada ya sala ya alfajiri nitakuambia uende na sanduku uani kwa Babu Shee, unipigie kidogo kabla pikipiki haijaja. Utasema hapana mama, tutaamsha watu. Nitakuambia tena, na mara ya pili utafungua, na ndipo utakapoikuta. Basi umeikuta.

Na habari ya kuamsha watu isikutie hofu. Jana jioni nilizunguka mtaa mzima na miguu yangu hii, nyumba kwa nyumba, kuwauliza kama Rukiya akipiga alfajiri watakereka. Kila nyumba nimeuliza mara mbili. Mzee wa nyumba ya kona mara ya kwanza aliniambia ana kichwa kinamgonga. Mara ya pili akaniuliza utaanza saa ngapi, asije akalala.

Niko hapa upande wa pili wa ukuta, nimekaa na kofia yangu. Anza.

Mama yako,
Zena